Gordon Cooper Alipopita Juu ya Unguja

  

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya mtu mmoja aliyekaa peke yake angani siku nzima na saa kumi juu yake. Jina lake Gordon Cooper, Mmarekani, meja wa Jeshi la Anga, mzaliwa wa mji wa Shawnee katika jimbo la Oklahoma. Mwaka ni 1963, mwezi wa Mei. Na kabla hujabadilisha stesheni ukasema hayo ni mambo ya Wamarekani, yanatuhusu nini, nisubiri kidogo. Bwana huyu alipita juu ya Unguja, tena si mara moja, na pale Tunguu palikuwa na kituo chenye mitambo, na watu waliovaa visikilizio masikioni wakingoja apite waseme naye. Kwa hiyo kisa hiki kina kipande chetu ndani yake.

Twende taratibu.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia angani alikuwa Yuri Gagarin wa Urusi, tarehe 12 Aprili 1961. Safari nzima dakika 108, kwisha. Agosti ya mwaka huo huo Mrusi mwingine, Gherman Titov, akakaa juu zaidi ya siku moja na usingizi akalala huko huko. Wamarekani walikuwa nyuma, na walijua wako nyuma. Wawili wao wa kwanza, Alan Shepard na Gus Grissom, walirushwa wakapanda na kushuka tu, hawakuzunguka. John Glenn ndiye Mmarekani wa kwanza kuzunguka, Februari 1962, mizunguko mitatu. Akaja Scott Carpenter, mitatu. Akaja Wally Schirra, sita. Halafu Cooper, wa mwisho katika mpango ule ulioitwa Mercury, akapewa mizunguko 22.

Unaona mruko huo? Kutoka sita hadi 22. Na chombo ni kile kile, kimepunguzwa hiki na kuongezwa kile. Kuongeza oksijeni, maji na betri kulitaka uzito, na ili kupata nafasi ya uzito huo mafundi walivua vitu vingine. Kimojawapo kilichovuliwa kilikuwa periskopu, lile bomba la vioo ambalo mwanaanga angeweza kuchungulia nalo nje. Wakamwachia dirisha peke yake. Likumbuke dirisha hilo, msikilizaji, tutalirudia.

Sasa niulize swali ambalo watoto huuliza na wakubwa huona haya kuuliza. Mtu akiwa angani anazunguka dunia, anashikiliwa na nini? Mbona haanguki?

Jibu ni kwamba anaanguka. Anaanguka muda wote. Chukua jiwe ulirushe mbele: litakwenda hatua kadhaa na kuinama hadi chini. Lirushe kwa nguvu zaidi, litafika mbali zaidi, lakini litainama tu. Sasa fikiri unalirusha kwa kasi ya ajabu, karibu kilomita 28,000 kwa saa, tena juu kabisa ambako hewa imekwisha na hakuna cha kulizuia. Jiwe linainama, lakini ardhi nayo, kwa kuwa dunia ni duara, inainama chini yake kwa kiasi kile kile. Basi jiwe linaanguka na haligusi chini. Hiyo ndiyo obiti. Cooper alikuwa akianguka kuizunguka dunia, na kila mzunguko ulimchukua dakika 88 na kitu. Aliliona jua likichomoza na kutua mara moja katika kila mzunguko.

Na ukilielewa jiwe hilo umeelewa pia namna ya kurudi nyumbani. Huhitaji kusimama. Unapunguza kasi kidogo tu, na mduara wa kuanguka kwako unakatana na ardhi. Lakini hicho kidogo lazima kifanyike kwa wakati wake na kwa pembe yake. Ukikosea wakati, unatua bahari ambayo haina meli ya kukuokota. Ukikosea pembe, unaweza kubaki juu, au kuingia kwenye hewa vibaya ukaungua. Shikeni maneno mawili hayo: wakati na pembe. Mwisho wa kisa chetu umesimama juu yake.

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo. Kitako chake, mahali papana kuliko pote, hakikufika mita mbili. Mwanaanga aliingia na kulala chali kwenye kiti kilichofinyangwa kwa umbo la mwili wake yeye mwenyewe, mlango ukafungwa, na alipo ndipo alipo mpaka atoke. Wenyewe walitania kwamba chombo kile hakipandwi, huvaliwa. Kila mwanaanga alikipa chake jina, na Cooper cha kwake alikiita Faith 7, yaani Imani. Namba saba ilikuwa ya wote, kwa sababu walikuwa saba waliochaguliwa mwaka 1959, marubani wa kijeshi wa majaribio.

Hapa kuna ugomvi wa zamani ambao sharti niueleze, maana bila huo hutaelewa utamu wa kisa.

Wahandisi waliobuni chombo hiki walitaka kijiendeshe chenyewe. Msiwalaumu upesi. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika kama binadamu asiye na uzito anaweza kumeza chakula, kuona vizuri, au kufikiri sawasawa. Vipi umpe usukani mtu ambaye huenda akazimia? Basi mitambo ikafanywa ya kujiendesha, na sokwe walitangulia kurushwa: kabla ya Shepard alikwenda Ham, Januari 1961, na kabla ya Glenn alikwenda Enos, Novemba mwaka huo, ambaye aliizunguka dunia mara mbili na kurudi salama. Marubani wengine wa majaribio wakawacheka wale saba. Kazi anayoiweza sokwe, nyie rubani gani?

Wale saba walikuwa na kiburi cha kazi yao, na mimi nasema kiburi hicho kilikuwa na faida. Wakadai mambo. Walidai dirisha la maana mbele ya uso, kwa sababu ramani za kwanza zilikuwa na vijitundu viwili vidogo vya pembeni. Wakadai kipini cha mkono, ili rubani akitaka aweze kukigeuza chombo yeye mwenyewe kwa kufyatua vijimvuke vya pembeni. Wahandisi walinung'unika: dirisha ni uzito, kioo ni udhaifu. Lakini dirisha likawekwa, na kipini kikawekwa. Narudia: dirisha na kipini.

Tarehe 14 Mei 1963 Cooper alivalishwa suti yake, akaingizwa chomboni kule Cape Canaveral, Florida, akalazwa juu ya roketi aina ya Atlas. Halafu nini kikaharibika? Injini ya dizeli. Roketi ya kwenda angani imekaa tayari, lakini ule mnara mkubwa wa mafundi uliosimama kando yake husogezwa kwa injini ya dizeli, na injini imegoma kuwaka. Walipoifufua, rada ya Bermuda nayo ikaleta matata. Siku ikaharibika, akashushwa.

Kesho yake wakaanza upya. Hesabu ya kurusha ilipokuwa inaendelea, madaktari waliokuwa wakifuatilia mapigo ya moyo wakagundua jambo: jamaa amesinzia. Mtu amekalia tani na tani za mafuta ya roketi, anapitiwa na usingizi! Ndivyo alivyokuwa Cooper. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko wenzake wote sita, umri wake 36, msema taratibu, na baadhi ya wakubwa walimwona mtu wa mzaha. Kabla tu ya safari alikuwa ameruka na ndege ya kivita chini chini juu ya majengo ya kituo mpaka bosi mmoja akataka kumnyang'anya safari. Hawakumnyang'anya.

Akaruka saa mbili na dakika nne asubuhi, saa za Florida. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na dakika nne jioni. Atlantiki akaivuka, Kano ya Nigeria akaipita, na karibu nusu saa tangu aondoke ardhini alikuwa amefika pwani yetu.

Nusu saa, jamani. Florida hadi Unguja.

Sasa tuingie Tunguu. Nyakati zile hapakuwa na satelaiti za kupokezana mawasiliano kama leo. Chombo kikizama upande wa pili wa dunia, Florida haikioni wala haikisikii. Kwa hiyo Wamarekani walitandaza vituo njia nzima kuizunguka dunia: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano, Zanzibar, meli katikati ya bahari, Muchea na Woomera kule Australia, kisiwa cha Canton katika Pasifiki, Hawaii, Guaymas ya Mexico, na vingine. Kila kituo kilimpata mwanaanga kwa dakika chache tu. Anachomoza upande mmoja wa upeo, mnasalimiana, mnasomeana namba za oksijeni, betri na joto, anazama upande wa pili. Kituo kinapeleka taarifa, kingine mbele kinajiandaa. Na kati ya kituo na kituo ni kimya.

Zanzibar ikawekwa kituo kwa mapatano ya mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza. Sikilizeni vizuri: Marekani na Uingereza. Visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, na aliyetia saini ni yeye. Chama cha ZNP, Hizbu, kilipinga hadharani na watu wakaandamana. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Dunia imegawanyika, Mmarekani na Mrusi wananyosheana makombora ya nyuklia, na roketi ya Atlas iliyombeba Cooper ilitokana na kombora la masafa marefu. Leo unaniambia mitambo hii ni ya sayansi tupu, nitajuaje? Na vita vikizuka, nani atalengwa kwanza? Kwa maoni yangu, hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mpango wa Mercury ulikuwa wa raia, na matokeo yake yalitangazwa, hilo ni kweli. Lakini mtu akija kusimika mitambo uwanjani kwako na ruhusa ameipata kwa jirani, una haki ya kuuliza.

Kituo kikajengwa hata hivyo, kikafanya kazi, na Glenn, Carpenter, Schirra na Cooper wote wakapita wakizungumza nacho.

Na Cooper alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya. Mwezi ule ule wa Mei 1963, kama mnavyojua, Addis Ababa ilikuwa ikipokea wajumbe wa Afrika nzima kwa mkutano uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25. Cooper, akipita juu ya Zanzibar, aliisalimu Afrika kwa redio. Akajitaja jina, akasema yuko zaidi ya maili mia juu ya bara hili, anapita Zanzibar, na anawatakia mafanikio viongozi wa Addis Ababa na heri Waafrika wote. Ilikuwa siasa? Naam, ilikuwa siasa. Warusi na Wamarekani walikuwa wakiwania nyoyo za nchi zilizokuwa zikipata uhuru mwaka baada ya mwaka, na salamu ya kutoka angani ni salamu inayosikika. Hata hivyo mimi hunifurahisha. Addis watu wanahangaika na vifungu vya mkataba, na juu yao kuna mtu anapita kwa kasi ya kilomita karibu nane kila sekunde anasema hamjambo.

Tupumue kidogo, halafu tumwangalie huko juu alikuwa anafanya nini.

Alikuwa na kazi. Alitoa nje mpira mdogo wenye taa za kumulika, upana wake kama sentimita 15, akautafuta gizani kwa macho, akauona ukimetameta mbali. Alitafuta taa kubwa iliyowashwa kwa makusudi kule Bloemfontein, Afrika Kusini, akaiona. Alijaribu kukunjua puto la kupimia, likakataa kutoka. Alikula vipande vya chakula kikavu bila hamu, na kila mara ilimbidi asukume kwa mkono pampu ya kuondoa maji, jasho na unyevu wa pumzi, ambayo ilikuwa ikivujisha matone. Matone hayo nayo myakumbuke.

Akalala. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kulala usingizi wa kweli akiwa kwenye obiti, na ikamtokea ajabu moja: mikono yake, kwa kuwa haina uzito, ilikuwa ikiinuka yenyewe na kuelea mbele yake. Fikiria umelala, na vidole vyako vinaelea mbele ya ukuta uliojaa swichi. Akaogopa asije akagusa la kuguswa na lisiloguswa, ikabidi aibane mikono ndipo alale.

Na oksijeni yake aliitumia kidogo mno, mpaka watu wa chini wakamtania kwamba sasa basi, ruksa kuacha kubana pumzi.

Kuna jambo aliloripoti ambalo lilileta mzozo. Alisema akipita juu ya Tibet, kule nyanda za juu ambako hewa ni kavu na safi, aliona nyumba. Nyumba moja moja, na moshi ukitoka, na barabara. Wataalamu wakakunja nyuso. Kutoka zaidi ya kilomita 160? Haiwezekani. Wengine walianza kunong'ona kwamba mwenzetu upweke umemwingia kichwani. Yeye hakubadilisha neno: nimeona nilichokiona. Miaka michache baadaye wanaanga wengine wa Marekani wakaenda, nao wakaona mambo madogo madogo ambayo vitabu vilisema hayaonekani. Ikabidi vitabu visalimu amri. Jicho la binadamu likipewa mandhari safi na mstari wa barabara kwenye ardhi isiyo na kitu, huona kuliko hesabu za mezani zilivyodhani.

Na dirisha hilo, nawakumbusha, ndilo ambalo wahandisi hawakulitaka.

Sasa tufike penye moto. Mizunguko 18 ilikwenda vizuri hata watu wa chini wakaanza kuchoka kwa raha. Katika mzunguko wa 19, taa ndogo ya kijani ikawaka mbele yake. Taa ile kazi yake ni moja: kumwambia rubani kwamba chombo kimeanza kukwaruza hewa, yaani kimeanza kushuka. Cooper akatazama. Vitu vyake bado vinaelea. Mwili haujarudiwa na uzito. Haanguki. Ardhini nako wakapima njia yake, wakakuta obiti iko sawa. Basi taa inasema uongo. Lakini mtambo wa kujiendesha uliiamini taa, ukajiona tayari uko katikati ya kushuka, na kwa hiyo hatua za mwanzo za kushuka usingezifanya, kwa maana kwake zimekwisha.

Mzunguko wa 20, vipimo vya kuonyesha chombo kimeelekea wapi vikafa. Mzunguko wa 21, shoti ya umeme. Mtambo wa kujiendesha ukazimika wote. Akajaribu umeme wa akiba, nao ukakataa. Hewa chafu anayoitoa mwenyewe kwa pumzi ikaanza kujaa ndani ya suti, na joto likapanda.

Akawaarifu walioko chini kwa sauti ile ile ya taratibu. Alisema mambo yanaanza kurundikana kidogo, akayataja moja moja kama anayesoma orodha ya sokoni, kisha akamaliza kwa kusema kwamba ukiacha hayo, hali ni njema.

Madaktari wakamwambia ameze kidonge cha kuchangamsha, maana amechoka na saa ijayo hairuhusu kuchoka. Akameza.

Msikilizaji, tuhesabu alichobakiwa nacho. Mtambo wa kujiendesha, hana. Vipimo vya mwelekeo, hana. Periskopu ilivuliwa kabla hajaondoka. Ana dirisha, lenye mistari ya kupimia upeo wa dunia. Ana kipini. Ana saa ya mkononi. Na ana sauti za watu wa chini, kila zinapompata.

Mzunguko wa mwisho ulimpitisha tena kwenye pwani yetu, ikielekea saa nane za usiku, Unguja imelala fofofo. Kutoka hapo njia yake ikaingia Bahari ya Hindi, ikapanda kaskazini mashariki kukata Asia, kuelekea Japani. Karibu na kusini mwa Japani kulikuwa na meli, Coastal Sentry, na ndani ya meli hiyo, kwenye kipaza sauti, alikaa John Glenn. Yule yule wa mizunguko mitatu. Walikuwa wamemweka mtu ambaye aliwahi kukaa kwenye kiti hicho hicho. Glenn akampitisha katika orodha ya maandalizi, hatua kwa hatua, hii umefanya, ile umefanya.

Cooper akakigeuza chombo kwa kipini, kitako mbele, pua imeinama kwa digrii 34, akipatanisha mistari ya dirishani na upeo wa dunia na nyota. Hiyo ni pembe. Glenn akahesabu kurudi nyuma, Cooper macho kwenye saa ya mkono. Huo ni wakati. Akafyatua. Roketi tatu za kupunguza mwendo zikawaka moja baada ya nyingine, na kila moja ikitaka kukisukuma chombo upande, naye anakishika kwa mkono kisiyumbe. Glenn akamwambia umepatia barabara.

Halafu kikaja kile kipindi ambacho hakuna wa kuzungumza naye. Chombo kinapoingia kwenye hewa kwa kasi ile, hewa ya mbele yake huchomeka mpaka inageuka pazia la moto ambalo redio haipenyi. Dakika kadhaa za ukimya. Uzito nao unamrudia mara nyingi kuliko wa kawaida, kifua kinabanwa, na muda wote huo mkono wake uko kwenye kipini, maana mtambo ambao ungekituliza chombo umekufa. Alilifungua parachuti la kwanza, kisha kubwa, na kwa saa za kwetu ilikuwa saa nane na dakika ishirini na nne usiku wa kuamkia tarehe 17 alipogonga maji ya Pasifiki, upande wa visiwa vya Midway. Meli ya kubebea ndege iliyokuwa ikimngoja, Kearsarge, ilikuwa umbali wa kama kilomita saba.

Saba! Baada ya kuizunguka dunia mara 22, kwa saa ya mkono na dirisha.

Yeye ni mtu wa Jeshi la Anga na meli ni ya Jeshi la Wanamaji, basi kabla hawajampandisha akaomba rasmi ruhusa ya kuingia melini. Alipiga hodi. Kwetu sisi hilo linaeleweka vizuri sana.

Uchunguzi ulipofanywa, chanzo kikaonekana ni unyevu. Maji yaliingia kwenye viunganishi vya umeme, yakaleta shoti. Yale matone yaliyokuwa yakielea chomboni hayakuonekana kuwa na madhara, lakini maji yasiyo na uzito hayatiririki kwenda chini yakatulia. Hutangatanga, na hupenya popote.

Sasa watu hupenda kukimaliza kisa hiki kwa kusema mtu ameishinda mashine. Mimi naona wanakosea kidogo. Mashine ilimbeba mizunguko 18 bila kosa kubwa, na oksijeni iliyompa uhai mpaka mwisho ilitoka kwenye mashine. Tena mwezi uliofuata, tarehe 16 Juni, Valentina Tereshkova wa Urusi alipanda peke yake akazunguka mara 48, karibu siku tatu, zaidi ya Wamarekani wote wa Mercury ukiwajumlisha, na vyombo vya Warusi viliendeshwa zaidi na mitambo kuliko vya Wamarekani. Ninachokisema mimi ni hiki: Cooper aliokolewa na ubishi wa mwaka 1959 na 1960. Kuna watu walikaa mezani wakasema hatutapanda bila dirisha, hatutapanda bila kipini, na wenye mradi, pamoja na kunung'unika kwao, walikubali kubeba uzito wa kitu ambacho huenda kisingetumika kamwe. Kipini kiliwekwa kiwe cha akiba. Usiku ule kikawa ndicho usukani.

Na yule tunayemwita peke yake alikuwa na mlolongo wa watu chini yake, kituo baada ya kituo, hadi Tunguu.

Tunguu yenyewe haikudumu. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, na kesho yake meli ya kivita ya Marekani, Manley, ikawachukua Wamarekani waliokuwa Unguja, watu wa kituo wakiwemo. Aprili mwaka huo serikali ya Mzee Karume ikaitaka Marekani iondoe mitambo yake, ikaondolewa, na kazi ya kusikiliza vyombo vya angani upande huu wa Bahari ya Hindi ikahamia Madagaska. Cooper alikwenda angani mara moja zaidi, mwaka 1965, safari hiyo akiwa na mwenzake, na alifariki mwaka 2004. Hakuna Mmarekani mwingine aliyewahi tena kurushwa peke yake kuizunguka dunia. Chombo chake, Faith 7, kipo Houston, Texas, kwenye jumba la maonyesho, na dirisha lake lipo.

Muda wetu unaishia. Nina ombi moja kwa wasikilizaji wa Unguja, hasa mlio Tunguu na vijiji vya jirani. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kukiona kituo kile, kukilinda, kukipelekea maji au kuandamana kukipinga, kaeni naye mapema mkamsikilize, simu ikiwa inarekodi. Walioandika habari za vituo hivi wameandika zaidi habari za Wamarekani. Sauti ya mtu wa Tunguu bado haijajaa humo, na waliokuwa vijana mwaka 1963 sasa wana miaka themanini na zaidi.